Kompyuta Iliyowaka Kila Mahali Isipokuwa Kwetu

Mimi ni mtu wa kutafuta sababu. Ukiniambia kitu kimeharibika tu, nitakuuliza kimeharibikaje, tangu lini, na nani alikishika mwisho. Dukani kwangu, pale karibu na soko ninapochapa barua za watu na kutoa kopi, printa ikikwama sipigi simu kwa fundi mpaka niwe nimeifungua mwenyewe na kuona karatasi imenasa wapi. Wateja wengine wanasema nina kiburi. Mume wangu alikuwa akisema nina maswali kama hakimu, na zamani alikuwa anayasema hayo huku anacheka.

Ndiyo maana binti yetu alipofariki, kilichonimaliza zaidi ya kilio chenyewe ni kukosa wa kunijibu. Alikuwa na miaka sita. Aliamka na homa asubuhi moja ya masika, na kabla wiki haijaisha tukawa tumemzika. Niliuliza kila niliyeweza kumuuliza. Wengine waliniambia maneno ya kitaalamu, wengine wakaniambia ni mipango ya Mungu, nijikaze. Nikajikaza. Lakini nilikuwa najikaza kwa hasira, na hasira ile sikuwa na mahali pa kuipeleka.

Mume wangu alikwenda upande mwingine kabisa. Hakuuliza kitu. Kazi yake ni kununua mahindi Laela na kuyapakia kwenda Tunduma, kazi ya kelele, ya kubishana na wakulima toka asubuhi kama mahindi yamekauka au bado yana unyevu. Mtu yule aliyekuwa anaingia nyumbani na sauti imemkauka akawa anaingia kimya, anavua viatu, anakula, analala. Alikuwa ananiita mama fulani, kwa jina la mtoto, kama waume wote wanavyowaita wake zao huku kwetu. Baada ya mazishi jina lile likamshinda, na hakutafuta jingine. Kilichokuja badala yake ni habari za Mpui, kijijini kwa mama yake. "Nitakwenda nikae na mama kidogo," alikuwa anasema, anaangalia mlango. Alilisema mara nyingi, na kila mara ile kidogo ikawa inarefuka. Nikaelewa kwamba akienda harudi.

Kompyuta tulikuwa tumeiagiza kabla ya yote hayo. Nilitaka mashine yenye nguvu ya kuhariri video za harusi, za komunio na kipaimara, kwa sababu Sumbawanga watu wanapenda kujiona. Nilisoma kwenye simu nikaona kuliko kununua iliyofungwa tayari, ni bora ununue vipande uiunge mwenyewe: mazabodi, ule ubao unaobeba vingine vyote, prosesa, vijiti vya RAM, pawa saplai, feni. Kesi, yaani kasha la kuvitia vyote, aliichagua binti. Alikuwa amekaa mapajani kwangu, tunapitisha picha, akaweka kidole kwenye ile yenye kioo pembeni na feni zinazowaka rangi, akasema hiyo au hakuna. Vipande vilikuja kwa basi kutoka Dar, boksi moja moja, na boksi la mwisho lilifika nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba. Mtu alilipokea, akalisukuma chini ya meza, likakaa huko na wenzake.

Matanga yalipokwisha, mama yangu mdogo alisema kitanda cha mtoto kikibaki mle chumbani sitalala. Tukakifungua, nikampa dada yangu kwa ajili ya wanawe. Mume wangu alikuwa nje na wanaume wengine, hakuna aliyemuuliza, naye hakusema neno. Chumba kikabaki na meza na pazia la vipepeo. Tulipita mlango ule kwa miezi kama watu wanaopita mbwa mkali.

Mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika na upepo unapiga mabati usiku na mchana, nilimwambia, "Tuiunge ile kompyuta." Aliniangalia kama nimemwambia twende disko. Nikamwambia tutaiungia kwenye chumba kile, kwenye ile meza, kwa sababu chumba kitupu kinaniua. Akafikiri. Akasema sawa. Na mimi moyoni nikajiwekea jambo moja la kijinga: ikiwaka, atabaki. Sikumwambia mtu. Aliyefiwa anaweka nadhiri na kitu chochote kilichoko mbele yake, na mbele yangu kulikuwa na maboksi.

Siku ya kwanza nilifungua maboksi yote. Mazabodi nikaiweka mezani juu ya sponji lake, nikasoma kijitabu chake mpaka macho yakauma, nikaiacha hivyohivyo wazi ili kesho jioni tuanze.

Kesho yake, nikiwa dukani, lilifika gunia.

Lazima nilieleze hili gunia. Mama mkwe wangu ana desturi yake: kila mjukuu ana mistari yake pembeni ya shamba. Tukienda Krismasi, mjukuu anapanda mwenyewe kwa mkono wake, na mavuno ya mistari ile bibi hayachanganyi na mengine. Anayapukuchua peke yake, anayaweka kwenye gunia lake, anashona mdomo kwa uzi mwekundu, anatuma. La binti yetu lilikuwa nusu gunia kila mwaka, na yeye alijua kabisa uji anaokunywa ni wa mahindi yake, akawa anatuonea huruma sisi wa mahindi ya kununua. Krismasi ya mwisho alipanda akiwa peku, matope mpaka magotini. Mahindi hayapati habari za msiba. Yaliota, yakazaa, yakakauka, na bibi akayavuna.

"Mwanangu, nimelipakia kwenye basi," mama mkwe aliniambia kwenye simu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikakimbilia salamu.

"Marahaba. Ni lake. Kulila siwezi, na kuliuza siwezi. Nyie mtajua."

Mume wangu alilifuata stendi akalileta kwa mkokoteni. Nilipotoka kazini nililikuta limeegemea ukuta katika chumba kile, chini ya dirisha, na ule uzi mwekundu umekatwa, mdomo ukafungwa upya kwa kamba. Nyumba ilinuka dawa ya mahindi. Lakini msimu ule nyumba gani hainuki? Kila mtu huku uwanda wa Ufipa anachanganya mahindi yake na ile dawa ya unga mweupe ili dumuzi wasiyatoboe, na pua zetu hazishituki. Nami, mwenye maswali kama hakimu, siku ile sikuuliza swali hata moja. Nilikwenda jikoni nikabandika maji.

Jioni tukaanza. Yeye alishika tochi na kusoma kijitabu kwa sauti, Kiingereza cha taratibu, kama anasoma katekisimu. Mimi nilikuwa na bisibisi. Alichukua prosesa kwa vidole vyake vinene, akaigeuza.

"Hiki ndicho kinachofikiri?"

"Ndicho. Na usikishike huko chini."

"Kidogo hivi, kinafikiri kuliko madalali wote wa Laela."

"Madalali wa Laela hawafikiri, wanapiga kelele tu."

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu masika, na nusura niangushe bisibisi.

Tulipowasha, feni zilizunguka na zile rangi zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Kwenye mazabodi kulikuwa na taa ndogo ya njano, na kijitabu kilisema taa ile ikiwaka maana yake kompyuta haioni RAM, yaani kile kijiti ambacho inashikia jambo inalolifanya sasa hivi. Nilivichomoa vijiti viwili, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha mpaka vikalia ta! Tukawasha tena. Ikaja. Mume wangu alipiga ukelele mpaka jirani akaja kwenye ua kuuliza kuna nini. Tukaanza kuipakia programu zake, na ikiwa imefika katikati ikaganda, ikatoa skrini ya bluu yenye maneno ya kutisha, ikazima, ikajiwasha, ikazima. Taa ya njano ikarudi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki nyingi. Yeye alisema ni umeme. "Jioni mashine zote za kusaga zinakuwa kazini, umeme unabaki wa kuwashia kibatari." Hakuwa amekosea sana, kwa hiyo tukanunua stabilaiza. Ikawaka siku moja, ikafa. Nikasema ni pawa saplai, tukaazima nyingine. Ikawaka, ikafa. Nikajaribu kijiti kimoja badala ya viwili, tundu la kwanza, tundu la pili. Nikaifungua prosesa nikapaka upya pesti yake ya kupitisha joto. Kila tukiigusa ilipata nafuu, tukalala na matumaini, na kesho yake jioni tukaikuta hoi. Wakati mwingine asubuhi ya baridi iligoma kabisa, ikapata joto kidogo ikakubali kwa dakika chache, kama inatuonjesha.

"Nani anaishika mchana?" niliuliza siku moja.

"Nani aishike? Wewe uko dukani, mimi niko Laela."

Nilikuwa nimeshaanza kuichukia, lakini niseme ukweli wangu: jioni zile ndizo zilikuwa uhai wangu. Nilifunga duka mapema. Yeye alikuja na mandazi kwenye gazeti. Tulikaa kwenye viti viwili ndani ya chumba tulichokuwa tunakiogopa, tunabishana kuhusu waya. Akanipa majina ya matusi madogo madogo, nami nikamrudishia. Siku moja aliingia, akavua koti, akauliza kwa utani, "Mgonjwa wetu anaendeleaje leo?"

Nikaona uso wake unabadilika kabla hajamaliza. Maneno yaleyale alikuwa anayasema mlangoni mwa wodi alimolazwa binti yetu, kila akija na chupa ya uji. Alisimama na koti mkononi, hajui alitundike wapi. Nami mdomo wangu, ambao huwa hauna breki, ukasema, "Amekula vizuri, ila usingizi hana." Tukacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kuumiza mbavu, na kikageuka kilio hukohuko kabla hatujakizuia. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza, maana msibani yeye alilia nje na wanaume, mimi ndani na wanawake. Alinishika mkono nikiwa bado nimeshika bisibisi, na hatukuiwasha kompyuta kabisa siku ile. Habari za Mpui zikakoma. Nikajisemea, imebaki iwake tu.

Nilichoka kubahatisha, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliifungua yote, akaipuliza kwa blowa, akaiunga upya, akakaa nayo siku kadhaa. Nilipokwenda alikuwa anachezea gemu humo humo.

"Mambo, dada. Mashine iko poa kabisa hii. Nimeipeleka resi mchana kutwa, haijatikisika hata kidogo."

"Kwangu inazima."

"Basi labda inawaogopa."

Niliirudisha nyumbani. Jioni ile ilikwenda vizuri. Kesho yake jioni taa ya njano. Nilimpigia simu aliyetuuzia Dar, nikamweleza kila kitu kwa utaratibu, na yeye akacheka. "Dada, si uko Sumbawanga wewe? Hapo usitafute RAM, tafuta mganga." Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nimechoka na utani huo. Nchi nzima inadhani sisi huku ni wachawi, tunakwenda sokoni kwa ungo. Lakini nilipokata simu, kitu kikanibakia kichwani kama punje kwenye jino: kwa fundi ni nzima, kwetu inakufa. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa ndani ya kompyuta. Ulikuwa ndani ya nyumba. Mambo ya waganga siyaamini, ila sababu naiamini, na sasa nilijua mtaa inapokaa.

Siku moja umeme ulikatika mjini tangu asubuhi. Duka langu bila umeme ni meza na viti tu, nikafunga, nikarudi nyumbani kabla ya saa sita. Mlangoni nikakuta viatu vya mume wangu. Nilimwona mwenyewe asubuhi ile akitoka kwenda kupanda gari la Laela.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo, na jua lilikuwa linaingia pale pazia lisipofika. Alikuwa amepiga magoti juu ya turubai. Mahindi ya binti yetu yalikuwa yametandazwa mbele yake, naye ameingiza mikono mpaka kwenye viwiko, anayageuza, anayainua, anayaachia. Halafu akachukua pakiti ya dawa, akaitikisa juu yake kama mtu anayenyunyiza unga wa chapati, akaanza tena kugeuza. Vumbi jeupe lilikuwa limesimama katika ule mwanga wa jua. Lilikuwa linatua juu ya nywele zake, juu ya turubai, juu ya meza. Kompyuta ilikuwa pale mezani, ubavu wake wazi, kwa sababu tulishazoea kuifungua kila jioni, hatukuwa tunahangaika tena kuifunga.

Pembeni ya ukuta, pale nyuma ya gunia nilipokuwa sipatazami jioni, kulikuwa na pakiti tupu nyingi. Mtu yeyote wa huku anajua nusu gunia halihitaji hata pakiti nzima kwa msimu mzima. Yale mahindi hayangeweza kuliwa tena na dumuzi, wala na mtu.

"Hukwenda Laela," nilisema.

Hakushituka. "Sikwenda."

"Tangu lini?"

Aliendelea kugeuza. "Yanataka kubunguliwa. Jana nimeona tundu kwenye punje. Nikiyaacha siku mbili tatu yatakwisha yote."

Nilikwenda mezani, nikachomoa kijiti kimoja cha RAM, nikawasha tochi ya simu nikamulika ndani ya tundu linamoingia. Unga mweupe ulikuwa umeshindiliwa humo mpaka chini. Wiki zote zile tulikuwa tunasugua kijiti na kukirudisha kwenye uchafu. Nilitia ncha ya sindano, nikatoa kidogo, nikanusa. Dawa ya mahindi. Jioni tulikuwa tunaitikisa na kuipangusa, ikapata nafuu, mchana akayageuza mahindi, ikajaa tena. Na kwa fundi, ambako hakuna gunia, ilikaa nzima.

Nilifurahi. Sitaki kujifanya sikufurahi. Tangu masika nilikuwa natafuta sababu ya kitu, chochote, na hii hapa nilikuwa nimeishika kwenye ncha ya sindano. Niligeuka nimwonyeshe. Ndipo nikamwona vizuri, mzee ghafla, mweupe kichwa na nyusi kwa ule unga, magoti yake yameacha alama kwenye turubai mahali palepale anapopigia kila siku, na furaha ile ikanitoka yote.

"Hii ndiyo sababu," nikamwambia hata hivyo, taratibu, kama ninavyomweleza mteja. "Ukiyageuza, vumbi linaingia humu."

Alisimama, akaja akaangalia lile tundu. "Sikujua."

"Najua hukujua."

"Ningejua ningelifunika."

"Halifunikiki. Ni unga, unapita popote. Tulitoe gunia humu. Tuliweke stoo."

"Stoo kuna panya."

"Basi tulipeleke godauni kwenu Laela. Au tulirudishe kwa mama, Mpui."

Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, mmoja halafu mwingine. "Kitanda ulikitoa wewe," akasema. "Nilitoka nje nikakuta kinapakiwa. Sikusema kitu. Lakini hili sikupi."

"Kwani yule mtoto alikuwa wako peke yako?"

"Hapana." Alikuwa ananiangalia sasa, macho mekundu kwa ile dawa au kwa kitu kingine. "Lakini wewe una duka. Una watu wa kuongea nao, una hiyo kompyuta. Ukiamka una pa kwenda. Mimi kila nikifika Laela nikaona mahindi ya watu, miguu inanirudisha hapa. Nina hili tu. Itoe kompyuta."

Nilisimama nikisubiri aseme ngoja kwanza. Nilimpa muda wa kutosha. Nilichomoa waya mmoja, nikauzungusha mkononi, nikauweka chini, nikachomoa mwingine. Yeye alikuwa ameshainama, anayakusanya mahindi kwa viganja kutoka kwenye kingo za turubai, asibakize punje. Kama ningepiga magoti pale nikakusanya naye, labda. Nimelifikiria hilo sana, na kila nikilifikiria naona kwamba nisingeweza. Yeye alikuwa akiushika ule mchanganyiko wa mahindi na sumu anatulia. Mimi nikiutazama nilikuwa naona miguu midogo yenye matope, na nilikuwa natafuta mlango. Hatukuwa na chumba kimoja kilichotutosha wote wawili.

Nikaita bodaboda ya kuipeleka dukani. Alitoka nje kunisaidia, na hilo ndilo lililonivunja. Aliifunga kompyuta nyuma ya pikipiki kwa mipira, akaivuta, akaipima kama wanavyopima mzigo watu wa mahindi, akaweka kanga yangu iliyokunjwa chini yake isigongwe. "Nenda taratibu kwenye matuta," akamwambia dereva. "Ina kioo ubavuni." Halafu akarudi ndani, nikasikia dirisha linatikiswa kuona kama limefungwa.

Umeme ulirudi kesho yake asubuhi. Niliinunulia brashi laini, nikaazima blowa, nikasafisha yale matundu moja moja mpaka chuma chake kikang'aa. Nikavirudisha vijiti. Nikawasha. Ikaja mara ya kwanza, bila kusita, skrini ikajaa mwanga. Nilipakia programu zote. Nikaipa video ndefu ya harusi ya watu, kazi nzito, nikaiacha ihangaike nayo huku nahudumia wateja, na kila baada ya muda nageuka kuitazama. Haikutikisika. Mpaka leo ninavyoandika haya haijawahi kunizimikia tena.

Mume wangu alihamia Mpui mwezi ule ule, na nguo chache na gunia lake. Ndugu zake na zangu walikaa kikao, wakasema maneno mazuri, na wanaoulizwa wanasema tuliachana siku ya kikao. Si kweli. Mimi najua siku na saa, kwa sababu nilikuwapo kwenye simu.

Ilikuwa alasiri ya siku ile ilipowaka. Nilikuwa nimejiwekea kwamba ikiwaka atabaki, na ilikuwa imewaka, imekaa kutwa nzima, na mimi ni mtu ninayeamini kitu kikifuata kingine. Nikampigia.

"Imewaka," nikamwambia. "Tangu asubuhi. Haijazima hata mara moja."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilitaka aniambie hata kwamba anakuja kuiona, au aulize ilikuwa tundu lipi, au anitukane, chochote cha mtu aliyekaa nami wiki zote zile na tochi mkononi.

"Hongera," akasema. "Hongera sana."

Alilisema kwa upole kabisa, kama unavyompa hongera jirani aliyemaliza kuezeka nyumba yake. Nikamwambia asante, nikaendelea kushika simu sikioni mpaka yeye alipokata.